Ngitili ya Kwandu

Kitu chochote ambacho Kwandu hakutaka kiguswe, alikifunga fundo la nyasi. Elina alipata kumletea kufuli kutoka Bariadi mjini, kubwa, la shaba, lenye funguo mbili. Kwandu alilipokea kwa mikono miwili, akalisifu uzito wake, akalitundika ukutani pamoja na funguo zake zote mbili, kisha akaendelea na nyasi zake. Alifunga fundo kwenye kifuniko cha kibuyu cha maziwa. Alifunga kwenye mpini wa jembe akiliacha shambani, na kwenye mlango akienda msibani. Lilikuwa fundo dogo, nyasi tatu zilizosokotwa na kuzungushwa mara mbili, na mtoto wa miaka minne angeweza kulifungua bila kuketi. Elina alipokuwa mdogo alimuuliza kama wezi hawalifungui. Kwandu akamjibu kuwa fundo halikuwekwa kumzuia mtu mkono, limewekwa kumwambia kwamba hapa pana mwenyewe.

Kwandu alikuwa dada wa baba yake Elina, na Elina alimwita senge, kama Wasukuma wanavyomwita shangazi. Aliolewa Mwamapalala akiwa msichana, na mumewe akafariki kabla hawajapata mtoto. Aliachiwa ng'ombe kumi na mmoja, nyumba ya tope, shemeji aitwaye Luhaga ambaye hakuacha kuuliza lini atarudi kwao, na ngitili, pori la malisho ya akiba, la ekari kumi na mbili.

Ngitili hiyo ndiyo iliyokuwa maisha yake. Mvua za kwanza zikidondoka, Kwandu alikwenda penye njia ya kuingilia, katikati ya migunga miwili, akafunga fundo lake kwenye nyasi za kila upande. Tangu siku hiyo hakuingia ng'ombe, wake wala wa jirani. Nyasi zilipanda hadi kiunoni, miche ya migunga na mikwaju ikajiotea yenyewe, ndege wakarudi. Kiangazi kilipokaza, mwezi wa saba au wa nane, mahali pengine pote pakiwa vumbi, alikwenda kulifungua fundo. Ng'ombe wake walikula kwa zamu, na majirani waliokuwa na maksai wa kulimia walikuja kuomba siku mbili tatu. Hakumnyima mtu aliyeomba. Aliyeingia bila kuomba alishitakiwa kwenye dagashida, baraza la kijiji, na huko hapakuwa na mzaha. Mila yao ilikuwa wazi: ngitili ni ya aliyeifunga na kuitunza, hata kama ni mjane.

Kiingereza cha Elina kilitoka kwenye nyasi hizo. Baba yake alikuwa mvuvi Nassa, na ziwa halikumpa vya kutosha kusomesha binti. Ng'ombe wawili wa senge, walionenepa katika miezi ambayo ng'ombe wa wengine walikuwa mifupa mitupu, ndio waliompeleka sekondari na kisha chuo cha maendeleo ya jamii. Alipoajiriwa wilayani Bariadi, wakati huo ikiwa bado ndani ya mkoa wa Shinyanga, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kumpelekea senge khanga na lile kufuli.

Kulikuwa na hadithi moja ambayo Elina aliisikia mara nyingi mpaka akaacha kuisikia. Kwandu na kaka yake hawakuzaliwa Mwamapalala. Walizaliwa mashariki, kuelekea mbugani, ambako baba yao alikuwa na pori alilolitunza kuliko watu wote wa upande ule. Siku moja walikuja watu na mawe yaliyopakwa chokaa, wakayapanda kwenye mstari. Mwaka uliofuata walirudi na kusema kuwa ndani ya mawe ni hifadhi. Waliokuwa wamekata miti yao na kulima hadi kwenye kingo waliachwa nje ya mstari, maana kwao hapakuwa na mnyama wala kivuli. Baba yao aliondolewa na ng'ombe wake. Kwandu alikuwa na miaka kama kumi, naye alibeba kuku. Kaka yake alikwenda ziwani na hakutaka tena kuona ardhi. Kwandu aliolewa na mtu mwenye pori.

Mwaka wa tisini na nane, mwezi wa saba, barua ilifika wilayani. Mataifa yalikuwa yamesaini mkataba wa kupambana na kuenea kwa jangwa, Tanzania ikiwemo, na sasa sekretarieti ya mkataba ilitaka mifano ya maarifa ya wenyeji ili isomwe kwenye mkutano mkuu ng'ambo. Ujumbe wa watu watano ungefika. Athanasi, bwana misitu wa wilaya, hakufikiria mara mbili. Alisema ngitili nzuri kuliko zote anazozijua ni ya yule mama wa Mwamapalala, na kwa bahati Elina ni ndugu yake na Kiingereza anakijua, kwa hiyo atafasiri. Alimwonya jambo moja. Patakuwa na wakubwa kutoka mkoani, na mkutano wa serikali haufanani na kilabu cha pombe. Azungumze Kiswahili sanifu, asichanganye Kisukuma.

Elina hakuhitaji kuonywa. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, na alikipenda Kiswahili cha ofisini kama alivyopenda viatu vyake vya ngozi. Usiku wa kuamkia safari aliandika maneno kwenye daftari: bayoanuai, uharibifu wa ardhi, wadau, hifadhi.

Walisimama mbele ya ngitili, watu kama sitini. Kwandu alikuwa amevaa ile khanga, na nyuma yake lilikuwa fundo, bado halijafunguliwa mwaka ule. Kiongozi wa ujumbe alikuwa mwanamke mrefu wa makamo, mwenye kofia ya ukili na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Alikuwa amesoma kabla ya kuja. Alitoa karatasi ndogo mfukoni, akaitazama, akamgeukia Kwandu, akasema kwa Kiingereza kwamba ngitili hii ni kazi nzuri ya mikono ya mama huyu, kwamba ni mali yake, na kwamba wao wamekuja kujifunza kwake ili nchi nyingine nazo zijue jinsi ya kutunza ngitili zao.

Neno lenyewe alilitamka. Alilitamka mara mbili, lakini lilimtoka limepinda, injitili, mkazo ukiwa mahali pasipo pake. Bibi mmoja aliyekuwa nyuma alimnong'oneza mwenzake kuwa kumbe ni mmisionari, anataja Injili. Kicheko kidogo kikapita. Elina alikisikia, akaona jinsi wakubwa wa mkoani walivyogeuza nyuso, na aibu ikampanda shingoni kwa niaba ya mgeni na kwa niaba ya kijiji. Alitaka kulifunika lile neno lililopinda upesi, kwa kitu kilichonyooka.

Akasema: "Mgeni wetu anasema eneo hili ni hifadhi nzuri. Mataifa yamekubaliana kwamba hifadhi za namna hii zitambuliwe na zilindwe."

Palinyamaza. Elina aliuchukua ukimya ule kuwa ni heshima.

Luhaga ndiye aliyeuliza, kwa upole, ilindwe na nani. Swali lilikwenda, jibu likarudi: na nyinyi wenyewe kwanza, na sisi tutasaidia mkitaka. Elina alilifasiri kwa maneno aliyokuwa ameyaandika daftarini. Alisema, kwa ushirikiano na wadau wa kimataifa. Luhaga akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata alichokijia. Kwandu alimtazama Elina usoni kwa muda, akageuka, akafungua fundo ili wageni wapite.

Mchana ule vijana wa Athanasi walihesabu miti. Ili wasirudie kuhesabu walichagua arobaini ya kupima unene, na kila mmoja wakauzungushia rangi nyekundu. Mgeni alimpiga Kwandu picha amesimama kando ya mgunga mkubwa, mkono mmoja juu ya gome. Wakaondoka kabla ya saa kumi.

Yaliyofuata Elina aliyapata kwa Benedikta, jirani wa senge, aliyekuwepo. Asubuhi Luhaga alikuja, akavuta kigoda, akasubiri mpaka Kwandu alipomaliza kukamua. Kisha akasema, "Shemeji, siku hizi hawabebi mawe. Wanapaka rangi."

Ulikuwa wakati wa soko huria, na watu walikuwa wamejifunza kuogopa maneno laini. Wanunuzi wapya wa pamba walikuja na mizani zao kila msimu na kuondoka nazo. Ghala la ushirika lilikuwa la popo. Kinu cha kuchambulia pamba kilihesabiwa mali zake hadi viti, kwa utaratibu mzuri na chai, na baada ya hapo kikawekwa mlinzi ambaye hakumjua mtu yeyote wa kijijini. Luhaga aliyataja hayo yote. Alisema kinu nacho kilianza kwa kutambuliwa. Akasema yeye hana neno, ngitili ni ya shemeji yake, anamhurumia tu.

Kwandu alimsikiliza mpaka mwisho. Kwa maelezo ya Benedikta hakulia wala hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba baba yake alifukuzwa kwa sababu pori lake lilikuwa zuri. Kisha akaazima shoka.

Aliita kijiji kizima kilete ng'ombe, bila kuomba, bila zamu, na nyasi za miezi minane zikaisha ndani ya wiki moja. Miti ilichukua siku kumi na moja. Ilianza yenye rangi nyekundu. Kwandu mwenyewe aliangusha ule mgunga mkubwa, yeye na Benedikta, wakipokezana shoka, na mkono wa Kwandu ulivimba hadi kwenye kiwiko. Wachoma mkaa walikuja kutoka Lamadi na lori.

Wiki tatu baada ya ugeni, Athanasi na Elina walirudi na kibao. Kilikuwa cha chuma, kimepakwa rangi ya kijani, na maandishi meupe yakisema HIFADHI YA MFANO, na chini yake jina la mkataba kwa herufi ndogo. Land Rover ilisimama mahali ilipozoea kusimama, na kwa muda Athanasi alidhani dereva amepotea njia. Mbele yao palikuwa na visiki, majivu, na ng'ombe wawili wakilamba ardhi.

Athanasi alipayuka. Alisema juu ya ujinga, juu ya ripoti iliyokwisha kutumwa, juu ya jina la wilaya. Kwandu alimwacha amalize.

"Nimewawahi," akasema.

Athanasi alirudi garini na kufunga mlango kwa nguvu. Elina alibaki amesimama. Alianza kueleza kwamba hifadhi aliyoisema haikuwa hifadhi ile, kwamba ni neno la ofisini, lina maana nyingi. Senge alimshika mkono, ule mkono wake uliovimba bado ukiwa umefungwa kitambaa, akamvuta kando na kushusha sauti, dereva asisikie.

"Wabeja, ng'wanone, asante mwanangu," alimwambia. "Wengine wangeficha lile neno. Wewe ulilisema waziwazi mbele yao, nikajua."

Elina akaelewa. Senge aliamini kuwa ameonywa. Aliamini kwamba binti wa kaka yake, aliyesomeshwa kwa ng'ombe wa ngitili ile, alisimama mbele ya serikali na wazungu akachagua neno moja ambalo watu wa ukoo wao wasingeweza kulikosea, ili kumtahadharisha. Hapo ndipo angesema. Alikuwa na nafasi, na pumzi, na lugha tatu. Akasema tu kwamba ni lazima mkono ule uonekane hospitali.

Kibao kiliachwa palepale. Kwandu alikifanya mlango wa banda la kuku, maandishi yakiwa upande wa ndani, na akakifunga kwa fundo la nyasi.

Ripoti haikurudishwa. Athanasi aliona hakuna haja ya kuwasumbua wakubwa kwa jambo lililokwisha kuchapwa, na Elina alipomuuliza alimjibu kuwa ngitili ziko nyingi, kama ile imekufa, nyingine ipo. Mwaka uliofuata Elina aliteuliwa kusafiri na ujumbe wa nchi kwenye mkutano mkuu wa mkataba, kubeba makabrasha na kusaidia kufasiri. Alikaa kwenye ukumbi wenye baridi, nyuma ya bendera ndogo. Kwenye korido, kati ya mabango mengine, alimkuta senge yake, mkubwa kuliko alivyo, mkono juu ya gome. Watu walipita na vikombe vya kahawa wakimsifia khanga. Wajumbe wa mataifa yenye fedha na wajumbe wa mataifa yasiyo nayo walibishana siku moja na nusu juu ya neno moja katika aya ya saba, kama wakulima wana haki au wana maslahi. Walilitia kwenye mabano, wakalitoa, wakalirudisha, wakaita wanasheria. Kila mtu ukumbini alijua kwamba neno hugeuka shamba la mtu. Elina alikaa na vifaa vya kusikilizia masikioni, akihesabu saa. Lake yeye lilichukua pumzi moja, na hakuna aliyeomba lirudiwe.

Aliporudi alimpelekea senge kalenda iliyochapwa na sekretarieti. Kwandu alikuwa mwezi wa tisa. Aliiweka picha mapajani akaitazama kwa muda mrefu.

"Huyu mtu ana mali," akasema, akamrudishia.

Ukame ulikuja mwaka uleule na haukutoka mwaka uliofuata. Zamani, katika miaka ya namna hiyo, Kwandu alikuwa akifungua ngitili na kuvuka. Sasa alikata majani ya mti mmoja mmoja barabarani na kuyabeba kichwani. Ng'ombe sita walikufa wakiwa wamesimama, kama alivyosema mwenyewe, wakaanguka baadaye. Watatu aliwauza wakiwa ngozi. Wawili walipelekwa Nassa kwa kaka yake, kwenye majani ya ziwani, na kutoka huko hawakurudi.

Mvua iliponyesha tena, Luhaga aliingiza plau kwenye zile ekari kumi na mbili akapanda pamba. Kwandu alimshitaki kwenye dagashida. Wazee walimsikiliza kwa heshima, wakamsikiliza na Luhaga, na Luhaga hakuwa na maneno mengi. Aliuliza swali moja: ngitili iko wapi? Hapakuwa na mti, hapakuwa na nyasi, na kwa misimu miwili hapakuwa na fundo. Ngitili ni ya aliyeifunga, wazee wakasema, lakini hii aliifungua mwenyewe mbele ya kijiji kizima. Sasa ni ardhi tupu ya marehemu, na ardhi ya marehemu ni ya ukoo wake. Mjane ataachiwa nyumba na kibustani. Ndivyo ilivyoamuliwa. Hakuna mzungu aliyewahi kurudi kuidai, wala mwekezaji, wala mtu wa mawe.

Kwandu alianza tena kwenda. Kila mvua za kwanza alitembea hadi ilipokuwa njia ya kuingilia, katikati ya visiki viwili, akafunga nyasi tatu za kila upande, mizunguko miwili. Watoto wa Luhaga walimcheka kwa mbali. Luhaga mwenyewe, na hili lazima lisemwe, hakulifungua lile fundo kwa mkono wake. Alizungukia upande wa pili na ng'ombe wake wa kulimia. Na kila mara Elina alipofika Mwamapalala, senge alimtambulisha kwa wageni namna moja. Huyu ndiye mwanangu aliyenitahadharisha. Bila huyu, leo pangekuwa na askari.

Miaka ilipita hivyo. Elina alipandishwa cheo mara mbili. Alikuwa akifasiri bado, na wenzake walishangaa jinsi alivyokuwa mzito, akimsimamisha mgeni katikati ya sentensi, amrudishie lile neno, alitamke tena polepole.

Mwezi wa pili mwaka elfu mbili na tatu Kwandu alilazwa hospitali mjini Bariadi, maji yamejaa tumboni. Alikuja na mfuko wa nailoni wenye khanga na kikombe, umefungwa juu kwa fundo la nyasi, na wauguzi waliuacha hivyohivyo. Elina alikuwa akienda kila mchana na uji. Siku ya nne alimkuta akimsimulia mgonjwa wa kitanda cha jirani juu ya ile siku ya wageni, kwa sauti ndogo, kwa furaha, hadi kwenye neno. Mgonjwa yule akamtazama Elina kwa heshima.

Kwandu alipopumzika kidogo alisema kuna jambo moja halijamtoka kichwani miaka yote hii. Yule mama wa kizungu alitaja Injili. Alitaja mara mbili, akimtazama yeye. Sasa habari ya miti na Injili vilikutana wapi?

Elina aliuweka uji chini. Angeweza kusema kuwa hakumbuki.

"Hakusema Injili, senge," alisema. "Alisema ngitili. Ulimi haukumsaidia tu. Alisema ngitili yako ni nzuri, na ni mali yako, na kwamba amekuja kujifunza kwako. Hifadhi nililisema mimi."

Kwandu hakumtazama. Alitazama mfuko wake wa nailoni uliokuwa umening'inia kwenye ncha ya kitanda, na midomo yake ikajaribu lile neno kwa namna ya kizungu, injitili, kisha kwa namna yao. Uji ukafanya utando. Alfajiri ya kesho yake Elina angeitwa, na angekuta kitanda kimekwisha kutandikwa, kwa hiyo maneno haya ndiyo ya mwisho aliyoyasikia kwake, na aliyasema kwa Kisukuma, taratibu, bila hasira, kama mtu anayesahihisha hesabu ya mtoto.

"Kumbe yule mzungu alijua Kisukuma kuliko wewe."